Sifa za Mtu Baki

Changamwe,
9 Februari 1948

Kwa Mwalimu Kazungu,
Kanisani, Taveta.

Baba Mwalimu mpendwa,

Shikamoo. Baada ya salamu nyingi kwako na kwa Mama Dhahabu, natumaini waraka huu utawakuta mu wazima kama uniachavyo mimi mzima, isipokuwa upweke, ambao si maradhi ya kumpelekea daktari.

Jambo lililonifanya nishike kalamu ni kubwa, nami naomba ulisome kwa utulivu. Iko kamati Nairobi inayowachagua vijana waliomaliza Makerere ili wapelekwe Uingereza kuendelea na masomo ya juu ya ualimu. Kutoka pwani yote atachukuliwa mmoja tu. Mwakani umri wangu utakuwa umepita kiwango chao. Kwa hiyo mlango huu ukifungwa mwaka huu, umefungwa kwangu daima. Nimeomba.

Kila mwombaji hutakiwa awe na mashahidi wawili. Wa kwanza ni meneja wa shule yetu, Mzungu, ambaye amekubali. Wa pili awe mtu aliyemfahamu mwombaji tangu utotoni. Ni nani mwingine, Baba, kama si wewe uliyenichukua alipokufa baba yangu Masha, ukanilea nyumbani kwako Frere Town pamoja na marehemu Ruwa, mtoto wako wa kuzaa, nisijue hata siku moja ni yupi kati yetu aliye mgeni? Kamati inataka kujua akili ya kijana, tabia yake, na kama aweza kuongoza wenziwe. Barua iwe kwa Kiingereza, nacho Kiingereza chako ndicho kilichonifundisha changu. Ifungwe na kupelekwa kwao moja kwa moja, kwa maana mwombaji haruhusiwi kuisoma.

Tangu kanisa likuhamishie Taveta sina nyumba ya kwenda siku ya Jumapili. Hapa napanga chumba kimoja karibu na stesheni. Majirani ni watu wema wa bara, wa relini na bandarini. Hunisalimu kwa heshima sana, wala hawaingii kwangu. Kutwa nafundisha, jioni nasoma. Nikifanikiwa, nitarudi nikiwa mtu ambaye neno lake linasikilizwa katika mambo ya shule za watu wetu.

Ni mimi mwanao mtiifu,
Gershom Masha

*

Taveta,
20 Februari 1948

Mwanangu Gershom,

Marahaba. Barua yako tumeipokea, nimeisoma kwa utulivu kama ulivyoagiza, kisha nikaisomea tena kwa sauti Mama yako, naye hakuwa na utulivu wowote. Alilia, akacheka, akaenda kuwaambia jirani. Mwinjilisti wetu hapa akaja mbio: "Mwalimu, kumbe mna kijana hodari namna hii!" Mama yako akamjibu palepale, "Hodari wapi? Hata kufua shati lake hajui." Nilifurahi alivyojibu.

Ushahidi nimeuandika. Kwa jambo dogo kama karatasi moja nimeharibu karatasi nyingi, maana sikutaka neno lolote likuaibishe. Nimekuweka mikononi mwao kama inavyompasa mzazi kumweka mwanawe mikononi mwa wakubwa wa nchi ya ugeni. Wakisoma watajua kwamba umetoka katika nyumba yenye adabu. Kiingereza nacho hakikuniangusha. Unajua kwamba hicho ndicho kitu kimoja ambacho nimejiruhusu kuringia.

Hukutuambia unakula nini, wala nani anakupikia. Andika hayo safari nyingine, kwa maana Mama yako haulizi habari za kamati.

Baba yako,
Kazungu

*

Changamwe,
17 Aprili 1948

Ndugu Odhiambo,

Nakuandikia si kama karani wa kamati inayolishika jina langu, bali kama mtu aliyelala kitanda cha jirani yangu Makerere na kukoroma muda wote wa masomo yetu. Sikuombi upendeleo, hilo liwe wazi. Nakuomba tu usikilize, kwa sababu hapa sina msikilizaji.

Najitayarisha. Nimepata koti zito la sufu kwa baharia mmoja wa meli ya mizigo. Nilipokuwa nalijaribu, jirani yangu Kioko, mchochea moto wa gari moshi, alisimama mlangoni akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Mwalimu," akasema, "mimi nashinda na moto kutwa nzima, lakini sijaona mtu akitokwa na jasho kama wewe."

Nikamweleza kwamba Uingereza kuna baridi kali.

"Basi si uiache ikukute hukohuko? Mbona waitafutia Changamwe?"

Pascalia, anayetuuzia mahamri asubuhi, akadakia kutoka uani: "Mwache, Kioko. Akirudi atatuletea barafu, na wewe nitakuuzia." Wakacheka, nami nikacheka pamoja nao, kisha nikafunga mlango.

Jumamosi huenda kwa miguu hadi Jomvu Kuu, kwenye mikoko, mahali ambapo naweza kujibu kwa sauti maswali ambayo huenda wakaniuliza. Juzi mzee mmoja aliyekuwa akitoka msikitini alisimama akanisikiliza.

"Mwalimu, wanena na nani?"

"Nanena na Wazungu, bwana."

Akatazama huku na huku. "Wako wapi?"

"Hawajafika."

"Haya. Inshallah watakuja," akasema, akaenda zake.

Nakwandikia haya ucheke. Lakini ukishacheka, fahamu kwamba mzee yule ndiye mtu wa pekee aliyeniuliza habari zangu juma zima.

Meneja ameniashiria kwamba amenisifu. Kwa upande wa Baba Mwalimu sina shaka hata kidogo. Mtu aliyenilea ana mengi ya kusema kuliko mtu aliyeniajiri. Nikishindwa, Odhiambo, nitashindwa kwa sababu nyingine, si kwa sababu ya mashahidi wangu.

Rafiki yako,
Gershom Masha

*

Nairobi,
12 Juni 1948

Masha, ndugu yangu,

Habari si nzuri, nami sitaizungusha. Kamati ilikutana jana. Hukuchaguliwa.

Sipaswi kukwambia yaliyosemwa, na ukinitaja nitapoteza kazi, lakini ningekuwa mimi ningetaka kuambiwa. Walipomaliza kusoma barua ya meneja wako ulikuwa wa kwanza, na wa pili alikuwa mbali. Kisha ikasomwa barua ya yule mzee wako wa Taveta. Mimi ndiye niliyekuwa nikimimina chai, nami nikaimwaga. Nimeyashika maneno yake kwa kichwa: "Kijana huyu hajajua mengi bado. Alicho nacho ni kidogo, na hata hicho amekipata kwa kuhimizwa. Msitazamie makubwa kwake, wala msimwonee haya kumrudi akikosea." Basi. Hakuna neno jema hata moja baada ya hapo, ila salamu.

Mwenyekiti akavua miwani. "Na huyu ndiye aliyemlea!" akasema.

Mlikosana lini na mzee huyo? Ulimwibia kuku?

Liko jambo moja dogo. Hakupatikana mwingine wa pwani aliyewaridhisha, kwa hiyo nafasi imeachwa wazi hadi Septemba. Mwenyekiti ameshangaa jinsi mashahidi wawili walivyotofautiana, hivyo ameagiza mzee aandikiwe na kuulizwa tena. Lakini mimi nisingetumaini sana. Mtu aliyekuchoma kisu mara moja hashindwi kuchoma mara ya pili.

Pole sana,
Odhiambo

*

Taveta,
4 Julai 1948

Mwanangu Gershom,

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Ya kwanza nilidhani imepotea Voi, mahali mifuko ya posta hubadilishwa gari. Ya pili nilidhani una kazi nyingi. Hii ya tatu sijui nidhani nini.

Kama una homa, mwambie yeyote kati ya majirani zako atuandikie neno moja. Kama umehama, huyo atakayeifungua barua hii atufahamishe ulikokwenda. Mama yako kila gari la posta la Jumanne likilia huacha anachokifanya, husimama, kisha huendelea.

Baba yako,
Kazungu

*

Changamwe,
19 Julai 1948

Kwa Mwalimu Kazungu, Taveta.

Bwana,

Nimezipokea barua zako zote tatu. Sina homa, wala sikuhama.

Imenifikia habari, kwa njia nisiyoweza kuitaja, ya yale uliyoiandikia kamati. Kwamba sijajua mengi. Kwamba nilicho nacho ni kidogo. Kwamba wasitazamie makubwa kwangu. Sitaki kubishana na maneno hayo. Huenda ni kweli, nawe unanifahamu kuliko wao. Lakini ungeniambia mimi. Ungeniandikia, "Gershom, hufai," nami ningetafuta shahidi mwingine, au ningeacha kuomba. Badala yake uliniambia kwamba hukutaka neno lolote liniaibishe, nami nikawa natembea Changamwe nimevaa koti la baridi, watu wakinicheka, moyoni nikisema: waache wacheke, yuko mtu anayenijua.

Sikuomba sifa nisizostahili. Niliomba ushahidi wa mtu niliyemwita baba.

Nashukuru kwa chakula na malezi ya miaka yote.

Wako,
G. Masha

*

Taveta,
2 Agosti 1948

Mwanangu Gershom,

Umeniita Bwana. Nimeitwa hivyo na makarani wengi, lakini si na mtu niliyekuwa nikimkata kucha.

Maneno uliyoyataja ni yangu, siyakani. Niliyaandika kwa furaha, nikasimama mara mbili kutoka mezani kwa sababu ya furaha. Ulitaka niseme nini mbele ya watu nisiowajua? Lini umemwona mtu wa kwetu akimpeleka mwanawe kwa wakubwa na kusema, "Pokeeni, huyu ni bora"? Watu wakija kuposa, baba mtu huwaambia, "Huyu wangu hajui hata kusonga ugali," na wageni hutazamana na kufurahi, kwa kuwa wamejua kwamba wamepewa mtoto anayependwa. Nilidhani na hao watajua. Nilidhani ukubwa wa kamati ni pamoja na kujua kusoma barua ya mzazi. Meneja wako akusifu. Yeye ni mgeni kwako, na kusifu ni kazi ya wageni. Mimi ningekusifu kwa haki gani? Ingekuwa kama kujisifu mwenyewe.

Na liko jingine, ambalo mhubiri kama mimi halimpasi kuliandika. Unamkumbuka Ruwa, lakini Jumapili ile hukuwapo, ulikuwa umelala nyumbani na surua. Alikuja mgeni wa misheni, akamsimamisha Ruwa mbele ya kanisa zima baada ya kusoma somo, akasema kwamba katika pwani yote hajaona mtoto mwenye akili kama yule. Watu wakanigeukia. Nami nikasimama nikasema, "Ni kweli." Mvua zilipoanza tulikuwa tumekwisha mzika. Ilikuwa homa. Daktari alisema ni homa, nami naamini ilikuwa homa. Nimehubiri mara nyingi kwamba jicho la husuda halina nguvu juu ya mtu wa Mungu, na nitaendelea kuhubiri hivyo. Ila tangu siku ile sijamsifu mtoto wangu mbele ya mtu yeyote, na mtoto niliyebaki naye ni wewe.

Kamati wameniandikia. Wananiuliza mambo mawili: kama nayasimamia maneno yangu, na mimi ni nani kwako. Lile la kwanza nimekwisha jua jibu lake. La pili linanichukua siku nyingi.

Nitawajibu kabla ya Septemba. Usiniulize nitakachoandika. Mama yako nimemwambia, na tangu nimwambie hasemi nami.

Baba yako,
Kazungu

*

Nairobi,
18 Septemba 1948

Masha wee!

Umechaguliwa! Barua ya serikali itakufikia juma lijalo, lakini nimeshindwa kungoja. Utapanda meli hapo Kilindini mwishoni mwa Oktoba. Likunje hilo koti vizuri, na safari hii usilivae hadi uione baridi kwa macho.

Aliyekuokoa ni mzee wako wa Taveta. Barua yake ya kwanza anasema ilimharibikia kwa sababu ya uchache wa Kiingereza chake. Aliandika asichokikusudia, naye anaomba radhi. Wajumbe walicheka kidogo hapo, mmoja akasema waalimu hawa wa zamani ndivyo walivyo. Kisha mwenyekiti akaisoma ile mpya, nami nikayashika tena maneno kwa ajili yako:

"Mimi si baba wa kijana huyu, wala mlezi wake, wala jamaa yake. Alipita katika shule yangu kama walivyopita wengi. Ni mtu baki kwangu, na kwa kuwa ni mtu baki naweza kumsema bila upendeleo. Katika miaka yote ya kufundisha sikupata mwingine mwenye akili kama yake, wala mwenye moyo wa kuongoza kama wake. Atakayempata amepata kitu kikubwa."

Mwenyekiti alifurahi sana. "Sasa huu ndio ushahidi," akasema, "wa mtu asiyetafuta faida." Akapiga mhuri.

Mimi niliendelea kumimina chai. Lakini nieleze, ndugu yangu, maana linanisumbua. Makerere kila usiku ulinihadithia juu ya nyumba ya mzee huyu Frere Town, na mkewe, na jinsi mlivyokuwa mkila sahani moja wewe na mtoto wake. Kati yenu wawili mwongo ni nani?

Hongera, hongera tena,
Odhiambo

*

Changamwe,
1 Oktoba 1948

Baba,

Shikamoo. Shikamoo na kwa Mama.

Nimechaguliwa. Najua kwamba habari hii inawafikia ikiwa imechelewa, na kwamba ninyi mliilipia kabla sijaipokea.

Nilikuita Bwana. Nimejaribu kutunga sentensi ya kuomba radhi kwa jambo hilo, nikaandika nyingi zilizopangika vizuri, nikazichana. Nisamehe.

Nimeambiwa uliyoyaandika. Usihuzunike kwamba nimeyajua, afadhali nimeyajua. Nimemfikiria sana yule kijana unayemsifu. Ana akili, ana moyo wa kuongoza, atakayempata amepata kitu kikubwa, naye hana kwao. Alipita tu. Ndiye atakayepanda meli, jina lake ndilo lililo kwenye karatasi zao, na huko aendako hakuna hata mmoja atakayejua kwamba palikuwa na mtu wa kumkata kucha. Nawe uliyekuwa ukiringia Kiingereza chako umewaacha wakicheke, na wewe mhubiri umeandika uongo ukatia sahihi yako. Sikujua kwamba hiyo ndiyo thamani ya nafasi ile nilipokuomba kwa maneno mengi mazuri.

Watu hapa wamekwisha sikia. Kioko alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema relini kote hakuna kichwa kama changu. Pascalia amekataa kuchukua pesa ya mahamri, asema mtu hodari halipi. Meneja alinisimamisha mbele ya darasa, wanafunzi wakapiga makofi. Nimesifiwa juma zima, Baba, na wote wanaonisifu huniaga mlangoni na kwenda makwao.

Ijumaa nitapanda gari la Voi, nishike la Taveta. Nitakuwa kwenu Jumapili moja tu kabla ya meli. Najua mwinjilisti atataka nisimame mbele ya kanisa ili waniombee, na najua atasema mambo makubwa juu yangu, kisha watu watakugeukia wewe.

Nakuomba usinyamaze. Simama, uwaambie kwamba sijawa kitu bado. Waambie kwa sauti kubwa, hata wa nyuma wasikie wote, kwamba wasitazamie makubwa kwangu.

Ni mimi mwanao,
Gershom